Usilipige msasa jambia la babu: maswali yenu kuhusu visu na panga za zamani

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu kwamba chuma cha zamani kisisuguliwe ovyo, nikadhani nimemaliza, kumbe nimefungua mlango. Ujumbe umekuja kutoka Tanga mpaka Goma. Yote siwezi kuyajibu hapa, nimechukua haya matano, wengine nitawajibu mmoja mmoja inboksi.

SWALI: Shikamoo mzee. Babu yetu alifariki mwaka jana, tulipofungua sanduku lake tukakuta jambia limefungwa kwenye kanga. Ala yake ina fedha na vipete vya kuning'inizia, mpini mweusi sijui ni pembe au ni mti, ila chuma chenyewe kimeota kutu. Mjomba anasema tulipeleke kwa fundi wa grainda lipigwe msasa ling'ae, mama anasema tusugue kwa ndimu na majivu kama sufuria. Tufanye lipi? – Mjukuu, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu, na poleni sana kwa msiba. Kwanza kabisa mpigie mjomba simu sasa hivi umwambie asitoke nalo nyumbani, halafu urudi tuendelee.

Naongea kwa uchungu kwa sababu kosa hilo nilishalifanya. Nikiwa na miaka 19 nilipewa kisu cha marehemu baba mdogo, nikakaa nacho barazani asubuhi nzima na msasa mpaka kikawa kama kioo, nikajiona nimemtendea heshima. Miaka ikapita, siku moja mzee mmoja fundi akakishika akaniuliza, alama ya mhunzi iko wapi? Na kweli karibu na mpini palikuwa na alama ndogo imegongwa, nilikuwa naiona tangu utotoni, nikaifuta kwa mkono wangu. Mpaka leo kwetu hakuna anayejua nani alikifua kile kisu.

Sasa hilo la kwenu, kwa jinsi ulivyolieleza, linaonekana ni la Kiomani, lile ambalo wenyewe wanaliita khanjar na wameliweka mpaka kwenye bendera ya nchi yao. Pwani yetu lilijaa kwa sababu inayojulikana, Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja karne ya 19 na watu wake wakaja na majambia kiunoni, angalia hata picha za zamani za Tippu Tip utaliona limekaa palepale mbele katikati ya mkanda. Itazame ala vizuri. Ya Kiomani imepinda ghafla, karibu kona kabisa, wakati chuma kilichomo ndani kimepinda kidogo tu, kwa hiyo ncha ya ala ni pambo, haina kitu ndani, na hapo fundi hajakosea, ndio umbo lenyewe. Halafu hesabu vile vipete. Mengi yana vinne, ukikuta saba basi huenda ni lile la aina ya Saidi, linalobeba jina la ukoo wa watawala wa Oman, Al Said.

Ujue pia jambia moja lilipita kwenye mikono ya watu kadhaa. Kuna aliyefua chuma, kuna aliyechonga mpini, kuna sonara wa fedha, kuna aliyedarizi ngozi na mkanda kwa uzi wa fedha. Ufundi huo Oman bado uko hai, Nizwa utawakuta watu wanaufanya, na mwaka 2022 UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao ya urithi wa binadamu. Chukua kitambaa kikavu, papasa chuma katikati, utakuta kuna mgongo umeinuka kutoka karibu na mpini mpaka kwenye ncha. Huo mgongo ndio unaofanya chuma chembamba kisipinde ukikisukuma, yaani mhunzi amepata nguvu bila kuongeza uzito, na ameutoa kwa nyundo na tupa akitumia jicho tu. Grainda ya mjomba itaanza kula hapo hapo, maana ndipo palipoinuka.

Ndimu nayo hapana, asidi haichagui kutu na chuma, inakula vyote viwili. Najua mtu atasema mbona Java huko Indonesia wanaosha kris zao, majambia ya kwao, kwa ndimu, na ni kweli wanaosha, tena wanachanganya na sumu ya aseniki, wengi wao mwezi wa Suro ambao ndio Muharram yetu, lakini wale wana lengo jingine kabisa: kris nyingi zimefuliwa kwa chuma cha aina mbili kimoja kina nikeli, ndimu na aseniki vinafanya kimoja kiwe cheusi kingine kibaki cheupe na ile michoro ya pamor inajitokeza. Ni kazi ya watu waliorithi, na aseniki inaua. Tusiiguse.

Wewe fanya hivi. Weka tone mbili tatu za mafuta ya cherehani juu ya kutu nyekundu, acha mpaka kesho, halafu futa kwa pamba au shuka kuukuu, ile iliyong'ang'ania ikwangue taratibu kwa kijiti cha mwanzi, usitumie chuma. Rudia hata siku kumi, hakuna haraka, limeshakaa miaka yote hiyo. Ule weusi wa kahawia uliotulia usiuguse, ule ni ngozi yake na unalilinda. Fedha ipanguse kwa kitambaa laini basi. Na usilirudishe kwenye ala moja kwa moja, ngozi inanyonya unyevu na chumvi ya hewa ya bahari halafu inakaa inalitafuna chuma usiku na mchana. Lifunge peke yake, ala peke yake, sanduku moja.

Mpini sasa, hapa usikilize kwa makini. Ushike mbele ya tochi. Pembe ya nyati mara nyingi itabaki nyeusi ya kuziba, lakini ukiona kingo zinapitisha mwanga wa rangi ya asali, na ndani kuna nyuzinyuzi kama nywele zimegandana, hiyo inaweza kuwa pembe ya kifaru. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES wa kulinda wanyamapori tangu 1977, na kwetu huku kukutwa nayo bila kibali ni kesi nzito hata kama ni ya marehemu babu. Kwa hiyo usiitangaze mtandaoni, usiiuze, usisafiri nayo, nendeni na wazee wawili ofisi ya wanyamapori au makumbusho mkaeleze ilivyopatikana. Sheria hii ina sababu yake. Kenya ilikuwa na vifaru weusi karibu 20,000 mwaka 1970, mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400, na sehemu kubwa ya pembe zile ziliishia kuwa mipini ya majambia Yemen. Napenda sana kazi ya mafundi wale lakini hesabu hiyo siwezi kuiruka.

SWALI: Mambo vipi kaka. Nimenunua onlaini kisu cha "Damascus", kina mawimbi mawimbi mwili mzima kama maji, muuzaji anasema ndio stili ileile ya panga za Saladini. Nimepigwa au? – Mpishi, Dar es Salaam

JIBU: Poa kaka. Kupigwa inategemea ulitoa shilingi ngapi. Kisu chako huenda ni kizuri sana jikoni, lakini kuna vitu viwili tofauti vinavyoitwa jina moja, na wauzaji wananufaika na mkanganyiko huo.

Vinavyouzwa siku hizi, vingi vinatoka Pakistan, Wazirabad wanafua visu kwa wingi, vinatengenezwa kwa kuchukua vipande vya stili mbili tofauti, unavipanga kama chapati za kusukuma, unavichomea pamoja kwa moto na nyundo, unakunja, unapiga tena, mwisho unachovya kwenye asidi, stili moja inakuwa nyeusi nyingine inabaki nyeupe ndio hayo mawimbi. Ni ufundi halali na wa zamani, Ulaya ya kaskazini walikuwa wanafua panga kwa namna hiyo kabla hata ya Waviking. Kibaya ni vile vya bei ya kutupa ambavyo mawimbi yamechorwa juu kwa asidi au leza. Angalia mgongo wa kisu na pale karibu na makali, mchoro wa kweli unaingia ndani ya chuma unaendelea upande wa pili, wa uongo unaishia ukingoni.

Zile panga za zamani za Dameski, yaani Damascus ya Sham, zilikuwa kitu kingine. Chuma chake kilitoka India ya kusini na Sri Lanka, kinaitwa wootz. Fundi alikuwa anatia vipande vya chuma kwenye chungu kidogo cha udongo pamoja na vijiti na majani ya miti, anaziba mdomo kwa udongo, anakipika kwenye moto mkali masaa mengi mpaka vyote vinayeyuka humo ndani, kaboni ya majani inaingia kwenye chuma, halafu anaacha kipoe polepole sana. Akivunja chungu anakuta kitonge cha stili kama andazi, kina kaboni kama asilimia 1.5, nyingi mno kwa upanga wa kawaida. Vitonge hivyo ndivyo vilisafirishwa kwa majahazi mpaka Uajemi na Sham. Na kazi ngumu ilikuwa inaanzia hapo, maana mhunzi akikipasha moto mwekundu hafifu kinakubali nyundo, akizidisha kidogo tu mpaka weupe kinasagika kama biskuti. Fikiria huna kipimajoto, una rangi ya moto na giza la karakana, ndio maana wahunzi wengi wanapenda kufanya kazi pasipo jua.

Mawimbi ya wootz hayakukunjwa na mtu, yanajitokeza yenyewe kwa sababu kaboni inajipanga mistari mistari ndani ya chuma. Mwaka 1998 mwanasayansi Verhoeven na mhunzi Pendray, wote Wamarekani, walieleza kwamba siri ni chembe kidogo sana za vitu kama vanadiamu zilizokuwa kwenye mawe ya chuma ya migodi fulani, kwa hiyo inawezekana kabisa mawe yale yalipobadilika mafundi walifuata hatua zilezile za baba zao na mchoro ukagoma kutokea. Hilo linanigusa. Kabla yao Michael Faraday, huyuhuyu wa umeme, aliichunguza wootz mnamo 1819 akahangaika nayo, na baba yake Faraday alikuwa mhunzi.

Na kabla hujasema hayo ni mambo ya Wahindi na Waarabu: al-Idrisi alipoandika jiografia yake mwaka 1154 huko Sicily alisema watu wa Malindi wanachimba chuma na ndicho kinachowapa faida kubwa, na chuma cha Sofala kinapelekwa India. Yeye hakufika huku, alikuwa anaandika ya wasafiri, basi watu wengine wakayachukulia kama hadithi. Mpaka mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alipochimba maeneo ya wahunzi wa pwani, likiwemo Galu huko kusini ya Mombasa karibu na Diani, akapata mabaki ya uhunzi mkubwa, na katika vyuma walivyovipeleka maabara yeye na wenzake wakakuta stili yenye kaboni nyingi, vingine vya kuyeyushwa chunguni. Watu wanapita Diani kila mwaka kuogelea na hawana habari.

SWALI: Eti upanga wa samurai unakunjwa mara elfu moja? – Dogo wa anime, Nairobi

JIBU: Hapana mdogo wangu, unakunjwa kama mara 10 mpaka 15 hivi. Ila piga hesabu mwenyewe, kila ukikunja tabaka zinaongezeka mara mbili, ukifika mara ya 10 una tabaka 1,024 na ukifika ya 15 una 32,768, nadhani hapo ndipo elfu ilipotokea. Wanakunja kwa sababu stili yao ya tamahagane inatokana na mchanga wa chuma na mkaa, inapikwa kwenye tanuri la udongo siku tatu usiku na mchana, mkoa wa Shimane huko Japani bado wanafanya hivyo kila msimu wa baridi, na inatoka haiko sawa, pengine ngumu pengine laini, ina takataka ndani. Kukunja kunakamua takataka na kusambaza kaboni.

Mimi kinachonishangaza zaidi ni udongo. Upanga ukishafuliwa wanaupaka udongo, mgongoni mnene, kwenye makali mwembamba, wanaupasha moto halafu wanauzamisha majini. Makali yanapoa ghafla yanakuwa magumu kama kioo, mgongo umefunikwa unapoa taratibu unabaki laini, na pale yanapokutana panabaki mstari mweupe kama ukungu wanaouita hamon. Hata ule mpindo wa upanga sehemu kubwa unatokea humo humo majini, kwa sababu chuma cha makali kikiwa kigumu kinatanuka. Panga nyingine zinapasuka sekunde hiyo, kazi ya wiki nzima inapotea. Na kwa kuwa tumeanza na kutu: Wajapani wananoa upanga kwa mawe kwa wiki kadhaa, lakini kile kipande kinachoingia ndani ya mpini hawakisafishi kamwe, kutu yake ndiyo inayosema umri na hapo ndipo jina la fundi limechongwa.

SWALI: Habari za kazi mzee wetu. Nauza vitu vya asili hapa mjini, mteja mmoja mgeni ameniambia sime zangu za Kimaasai ni feki kwa sababu zimefuliwa kwa springi za lori. Niliishiwa maneno. – Laigwanan wa soko, Arusha

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mwambie akirudi kwamba springi ya lori ni stili yenye kaboni karibu asilimia 0.6, imetengenezwa ibebe tani na irudi mahali pake bila kukatika, ni chuma bora kuliko kilichowafikia wahunzi wengi wa zamani ukanda huu. Mhunzi siku zote alichukua chuma bora kilichokuwepo. Zamani Wapare waliyeyusha wenyewe, ukoo wa Washana mpaka leo unajulikana kwa uhunzi, Wachaga wakafua mikuki waliyoinunua Wamaasai, misafara ilipoleta waya mnene wa chuma kutoka pwani wakafua huo, na kwa Wamaasai wenyewe kuna il-kunono, watu wa uhunzi, ambao jamii iliwatenga haikutaka kuoana nao na wakati huohuo hakuna morani aliyeweza kutoka bila kazi ya mikono yao. Je, waya ule wa misafara ulikuwa feki?

Mtazamishe umbo. Sime ni nyembamba karibu na mpini halafu inapanuka kuelekea mbele kama jani, uzito umekaa mbele, ndio maana ikishuka inakata kama shoka ingawa mkononi ni nyepesi. Umbo hilo springi haikuja nalo. Fundi ameipasha mpaka nyekundu, akaiacha ipoe ndani ya majivu ilainike, akaipiga, akaichonga, akaipasha tena na kuizamisha makali yawe magumu. Ukitaka kujua kama kamaliza kazi vizuri au ameruka hatua, pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo yamekolea, ikiuma na kutoa unga fundi wako kakuibia muda. Hapo ndipo pa kuangalia kama kuna feki. Na wateja wa ndege waambie sime iende kwenye mizigo ya chini, begi la mkononi watanyang'anywa.

SWALI: Jambo papa. Mimi niko Goma, kwa nyumba ya tonton (mjomba au ami) niliona kisu ya ajabu, iko na matawi tatu ine kama mti, tonton anasema ni ya kurusha, ilitoka upande wa Uele. Kweli mtu alirusha kitu kama ile? Mbona inaonekana kama pambo? – Étudiant, Goma

JIBU: Jambo sana mwanangu, na tonton yuko sahihi. Upande wa Uele, kaskazini mashariki ya Congo, Wazande walikuwa na kisu cha kurusha wanachokiita kpinga, kina makali kadhaa yanatoka pande tofauti, na sababu ni rahisi: kisu chenye ncha moja ukikirusha kinazunguka hewani, kinaweza kumfika adui kwa mpini, lakini kile cha matawi kikizunguka upande wowote utakaofika ni makali. Kufua kitu hicho ni mtihani mkubwa, matawi yote yanatoka kwenye chuma kimoja, ukipasha tawi la juu la chini linapoa, ukipiga upande huu upande ule unapinda, na mwisho lazima uzito ukae sawasawa la sivyo kinayumba. Na hujakosea kuona pambo. Maeneo mengi ya kaskazini ya Congo visu vizuri vilikuwa pia mali, viliingia kwenye mahari, mtu alishika mkononi kazi ya chuma ambayo kila mtu anajua thamani yake.

Na kuna moja ningependa uijue. Kusini zaidi, Kasai, Wakuba wanasimulia kwamba mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, alipiga marufuku kisu cha kurusha cha vita, akawapa watu wake badala yake ikul, kisu kifupi kipana cha kuvaa kiunoni. Emil Torday, Mhungaria aliyefika huko 1908 akikusanya vitu vya Makumbusho ya Uingereza, aliisikia habari hiyo kwa wazee wa pale. Kuna ikul za chuma zenye mpini wa mti uliopambwa kwa madini, na kuna nyingine ni za mti mtupu kuanzia mpini mpaka ncha, zimechongwa nakshi zilezile za vitambaa vyao, haziwezi kukata hata embe, na mwanaume alizivaa wakati wa amani.

Muulize tonton alikipata kwa nani, mwaka gani, kijiji gani, uandike kwenye karatasi ukiweke pamoja na kisu. Ukimaliza nipigie picha mbili, moja ya upande na moja ya pale chuma kinapoingia kwenye mpini, kama kimefungwa kwa uzi wa raffia au waya wa shaba nataka kuona fundo lake.